Mbabula: moto ni ule ule, nyumba ndiyo imebadilika

Wiki hii tuko na historia ya kitu ambacho kiko karibu kila mlango hapa Rusizi: mbabula. Huku juu Nyarushishi, kwenye vilima vya chai, mvua ikinyesha jioni baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Hita ya umeme tutaipata wapi? Basi mtu anachukua ndoo ya rangi iliyokwisha, anaitoboa matundu chini na pembeni, anatia makala. Joto limepatikana, tena bila pesa nyingi.

Ufundi huu una wazee wengi. Wanyarwanda wanasema imbabura. Sisi wa ng'ambo ya mto Rusizi tunasema mbabula. Zambia wanasema mbaula, na Afrika Kusini imbawula, lile pipa lenye matundu ambalo walinzi wa usiku wanaota moto wake. Nchi ni nyingi, jina karibu ni moja.

Kabla ya ndoo na mapipa kulikuwa na mafiga matatu ndani ya nyumba ya nyasi. Watoto walilala karibu na moto, na moshi ulipanda polepole ukatokea kwenye nyasi za paa. Ulichoma macho, lakini nyumba yenyewe ilikuwa inapumua. Baadaye yakaja mabati, na watu wa mjini wakazoea makala, kwa sababu ni mepesi kubeba na moshi wake ni kidogo.

Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wa nishati kule Nairobi. Miaka ile ile mafundi wa jua kali wa Kenya wakaanza kutengeneza jiko la chuma lenye udongo wa kuchoma ndani, kwa kufuata mfano wa Thailand. Udongo unashika joto, makala hayaishi haraka. Rwanda nayo ina rondereza, na jina lake linasema kazi yake: kutumia kidogo.

Kutumia kidogo si maneno ya bure. Julai 1994 watu karibu milioni moja walivuka kuingia Goma. Walipaswa kupika na kuota moto, basi miti ya Virunga ikakatwa sana, na mwaka huo huo UNESCO ikaiweka mbuga ile kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mkimbizi hakuwa na njia nyingine, lakini mti nao haukui kwa wiki moja.

Sasa tufike pale penye uzito. Moto wa wazee wetu tumeuingiza kwenye chumba cha bati na shitingi, tukaziba kila tundu ili baridi isiingie. Makala yakiwaka yanatoa hewa ya monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi. Inashikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, miguu inalegea, usingizi unakuja, na mwenye kulala anaweza asiamke. Kwa wazee moshi ulikuwa unaamsha watu. Makala hayaamshi mtu.

Kwa hiyo hita yetu ya bei rahisi iwe hivi. Mbabula ibaki nje, hata kama makala yamebaki majivu mekundu tu. Wakati chakula kinaiva, weka matofali mawili ya kuchoma pembeni ya moto. Usitumie mawe ya mtoni, yakiwa na maji ndani yanapasuka. Yakishika joto, yaache yapoe kidogo, yafunge kwenye kitambaa kizito, kisha yaingize ndani, mbali na watoto wadogo. Ni akili ile ile ya jiko la Nairobi: udongo unatunza joto, unalirudisha polepole. Moto unabaki nje, joto peke yake ndilo linaingia.

Leo jioni, kabla ya kulala, pita kwa jirani mwenye mtoto mchanga, umwambie. Na ukikuta mbabula ndani, saidia kuitoa.