Raketa ya Androy: Mpungate Uliolisha Kusini mwa Madagaska

Androy ni nchi ya Waantandroy, kusini kabisa mwa Madagaska, kati ya mito Mandrare na Menarandra. Mvua ya mwaka mzima mara nyingi haifiki milimita 500, na hiyo yenyewe hunyesha kwa kubahatisha. Mito mingi hukauka ikabaki mchanga mtupu. Msitu wa huko ni wa miiba. Miti yake mirefu ya jamii ya Alluaudia, isiyoota kwa asili mahali pengine popote duniani, humfanya mgeni adhani amezungukwa na mipungate. Sivyo. Mipungate asili yake ni Amerika, na ukitoa spishi moja ndogo inayoota juu ya miti ya misituni, mpungate wowote unaoonekana Afrika au visiwani mwake uliletwa na mikono ya watu. Kwa hiyo matumizi yake yanayoitwa ya jadi kusini mwa Madagaska ni jadi yenye umri unaohesabika.

Mpungate wa kwanza kuenea huko, Opuntia monacantha, ulitoka mashariki mwa Amerika ya Kusini. Kuletwa kwake kunahusishwa na Comte de Modave, Mfaransa aliyesimamia kituo cha Fort-Dauphin, Tôlanaro ya leo, kuanzia 1768 hadi 1770. Ulipandwa uwe ua wa kuzuia watu na wanyama. Wafaransa waliondoka, mmea ukabaki, na wenyeji wakauita raketa. Hakuna serikali iliyoamuru upandwe bara. Bapa lililokatwa na kutupwa chini hutoa mizizi lenyewe, na mbegu zake husambazwa na ndege na mifugo. Waantandroy, na Wamahafaly wa upande wa magharibi, waliuchukua wakaupanda kwa sababu zao wenyewe, na kufikia mwisho wa karne ya 19 maeneo makubwa ya kusini yalikuwa yamefunikwa nao.

Kazi ya kwanza ilibaki ile ile ya ua. Kijiji kilizungushiwa wigo wa raketa uliokua juu kuliko kimo cha mtu na kunenepa mwaka hadi mwaka, na njia ya kuingilia ilikuwa nyembamba, yenye kupindapinda. Mazizi yalifungwa kwa namna hiyo hiyo, na mashamba ya mtama, mahindi na viazi yakalindwa dhidi ya ng'ombe. Katika nchi ambako kuibiana ng'ombe na kushambuliana kati ya koo lilikuwa jambo la kawaida, wigo usiohitaji seremala wala fundi wa mawe ulikuwa mali.

Lakini ua haungetosha kuieneza raketa kiasi kile. Kilichoieneza ni ng'ombe. Kwa Mwantandroy ng'ombe wa nundu ni zaidi ya maziwa na nyama. Ndiye anayechinjwa penye mazishi, na pembe zake huwekwa juu ya kaburi la mawe zihesabiwe na wapitao. Tatizo la mfugaji wa Androy ni miezi ya kiangazi, majani yanapokwisha na maji yanapokuwa mwendo wa siku nzima. Raketa ilijibu mahitaji yote mawili kwa pamoja. Sehemu kubwa ya uzito wa bapa ni maji. Mmea huu hufungua vitundu vyake vya kupumulia usiku, hewa inapokuwa baridi, na kuvifunga mchana, hivyo hupoteza maji kidogo mno. Mchungaji alikata mabapa, akayapitisha motoni hadi miiba iteketee, kisha akayakatakata na kuwapa ng'ombe. Mnyama aliyelishwa hivyo alihitaji kunyweshwa mara chache sana. Mifugo iliyokuwa ikisukumwa mbali kutafuta mito sasa iliweza kukaa karibu na kijiji, na watu wakakaa nayo. Si kutia chumvi kusema kwamba mmea huu ulibadilisha makazi ya watu: sehemu zisizo na kisima wala mto zikawa na vijiji vya kudumu.

Watu nao walikula. Tunda lilichumwa kwa kijiti au ncha ya mkuki, likasuguliwa chini ili vijiba vyake vidogo vitoke, kisha likamenywa. Lina sukari na maji, kwa hiyo katika majuma mabaya lilishika nafasi ya chakula na kinywaji. Lina pia mbegu ngumu nyingi, na anayelila bila kitu kingine hufunga choo vibaya, jambo ambalo wasifiaji wa mmea huu husahau kulitaja.

Wafaransa waliporudi kama watawala, raketa iliwapinga. Kuanzia 1900 Hubert Lyautey alipewa jukumu la kuitiisha kusini, na askari wake walikuta vijiji visivyoonekana hadi mtu avifikie, vyenye ua ambao risasi haikuubomoa na panga liliuchosha mkono kuukata. Hata baada ya vita kwisha, maafisa waliendelea kuutazama mmea huu kwa chuki. Uliwaficha watu wasiotaka kulipa kodi wala kwenda kufanya kazi ya kuajiriwa, na ulimilikiwa na wafugaji ambao serikali ilitaka wawe wakulima.

Katika miaka ya 1920 wataalamu waligawanyika. Mtaalamu wa mimea Henri Perrier de la Bâthie aliiona raketa kuwa gugu lililomeza ardhi na kudumaza ufugaji. Raymond Decary, afisa wa utawala aliyefanya kazi Androy na kuandika mengi kuhusu watu wake, alishikilia kuwa bila mmea huo watu na mifugo ya huko hawangevuka kiangazi. Decary alikuwa amewaona watu wakiula. Hoja ya mwenzake ilikuwa ya ramani zaidi kuliko ya zizi. Mabishano hayakupata nafasi ya kwisha. Mwaka 1924 mdudu wa kochinili, wa jenasi Dactylopius, aliachiliwa Antananarivo. Jike lake hujifunika nta nyeupe na kufyonza utomvu wa bapa hadi linyauke. Uwezo wake haukuwa siri. Nchini India aliletwa mwaka 1795 kwa kudhaniwa kuwa ndiye kochinili wa rangi nyekundu ya biashara, akaishia kuua mipungate ya spishi hii hii.

Mdudu alishuka kusini kwa kasi, na kufikia 1929 raketa ya zamani ilikuwa karibu kutoweka. Ukame ulipofuata, ile akiba haikuwepo. Njaa ya 1930 na 1931 iliua watu na ng'ombe wengi, na nyua zilioza zikaacha mashamba na mazizi wazi. Vijana kwa maelfu walielekea kaskazini na magharibi kutafuta vibarua katika mashamba ya miwa na mkonge. Kuhama kwa Waantandroy kulikuwa kumeanza kabla ya hapo, lakini baada ya njaa hiyo kukawa desturi ya maisha. Wapo waliosema tangu wakati ule kwamba upungufu wa vibarua ndio uliomwachilia mdudu. Ushahidi wa njama ni hafifu, ila faida kwa waliotafuta vibarua ilikuwa dhahiri.

Baadaye utawala wenyewe ulihimiza kupandwa kwa spishi nyingine ambazo mdudu yule hakuzidhuru, hasa Opuntia ficus-indica, ambayo baadhi ya aina zake hazina miiba mikali. Ndiyo inayoliwa matunda na kulishwa ng'ombe leo, kwa kuchomwa motoni vile vile pale inapokuwa na miiba. Haikurudi kwa wingi wa zamani.

Iliyoenea kwa kasi katika miongo ya karibuni ni Opuntia stricta, raketa mena, yaani nyekundu, ambayo pia imewasumbua wafugaji wa Laikipia nchini Kenya. Hii haina watetezi wengi. Huingia mashambani na malishoni bila kupandwa, na vijiba vya matunda yake huumiza midomo na matumbo ya mbuzi na watoto. Hata hivyo katika ukame wa 2020 na 2021 familia nyingi za Androy zilikula mabapa na matunda yake kwa kukosa kingine. Kwa mtu kama kwa ng'ombe, mpungate hutoa maji mengi na protini kidogo sana. Wafugaji wa zamani walilijua hilo, na walipoweza waliuchanganya na nyasi kavu.