Kusomea udaktari ukitokea Mpanda: kombi, pepa, vyeti, maombi na mkopo

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne na cha sita yakitoka napata meseji ileile kutoka kwa wadogo zangu wa nyumbani, awe wa Makanyagio, Inyonga, Usevya au Mishamo: "Kaka, nataka kusomea udaktari, mtihani wa kuingilia unafanyika lini na wapi?" Kujibu mmoja mmoja kwa simu nimechoka. Naandika mara moja, mtu aprinti pale steshenari akasome taratibu nyumbani.

Jibu la haraka ni kwamba hakuna. Tanzania hakuna mtihani maalum wa kuingia udaktari kwa anayetoka kidato cha sita. Najua mkanganyiko unatoka wapi. Ukikaa kafe ukatafuta "mtihani wa kuingia chuo cha udaktari" kwa Kiingereza, Google inakuletea MCAT na UCAT. MCAT ni ya Marekani, kule mtu anasoma kwanza digrii nyingine ndipo anaomba udaktari, na tangu 2015 alama zake zinaanzia 472 kuishia 528. UCAT ni ya Uingereza na Australia, ilianza 2006 ikiitwa UKCAT, jina likabadilishwa 2019. Kama huombi vyuo vya huko, hiyo mitihani haikuhusu, na mtu asikuuzie madesa yake.

Mtihani wako wewe ni NECTA ya kidato cha sita. Ile ya Mei. Chuo hakitakuita kwa usaili wala hakitakuuliza kwa nini unapenda kutibu watu. Kinaangalia namba yako ya mtihani, kinavuta matokeo, kinakupanga na wenzako kutoka juu kushuka chini. Basi.

KOMBI KWANZA

Udaktari wa binadamu, ile digrii ya MD, ni miaka mitano darasani na wodini, halafu mwaka mmoja wa mafunzo ya utarajali. Anayetokea kidato cha sita anatakiwa awe na principal pass tatu za Fizikia, Kemia na Baiolojia. Yaani PCB. Hapa ndipo wengi wa kwetu wanapotea mapema kabisa. CBG ina Kemia na Baiolojia lakini haina Fizikia, badala yake kuna Jiografia. Ni kombi nzuri na ina milango yake, ila mlango wa MD haumo. Nimeshakutana na watoto waliopiga msuli miaka miwili wakiwa CBG, wamefaulu vizuri, na hakuna aliyewahi kuwaambia.

Kwa hiyo ukiwa kidato cha nne unajaza Selform, usijaze kwa kumwangalia rafiki yako. Na matokeo yakitoka, TAMISEMI imekuwa ikifungua muda wa kubadilisha machaguo kwenye Selform kabla ya kupanga shule. Ingia humo. Kama ulikuwa umejaza HGL kwa kujidharau halafu Fizikia ikakuletea C, ule ndio wakati wako.

Ukweli ni kwamba safari inaamuliwa na Fizikia ya kidato cha pili. Ukiiacha pale, unakuwa umeuacha udaktari bila kujua. Kama shule yenu haina mwalimu wa Fizikia, tafuteni hata mwanafunzi aliyemaliza, mchangieni, awasimamie jioni.

PEPA ZENYEWE

Alama za kidato cha sita ziko hivi: A ni 80 na kuendelea, B 70 hadi 79, C 60 hadi 69, D 50 hadi 59, E 40 hadi 49. Zote hizo ni principal. S, 35 hadi 39, siyo. Kwenye maombi A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Kiwango cha chini cha kila chuo kimeandikwa kwenye kitabu cha mwongozo cha TCU, bure kwenye tovuti yao, na kinatoka upya kila mwaka, kwa hiyo soma cha mwaka wako. Baadhi ya vyuo havitaki jumla ya pointi tu, vinataka na alama fulani kwenye somo fulani, hasa Kemia na Baiolojia. Na kufikisha kiwango cha chini maana yake umeruhusiwa kuomba. Kuchaguliwa ni jambo lingine. Vyuo vya serikali vinajaa kutokea juu, na D tatu ambazo ni pointi 6 zinaweza kukuacha nje kila chuo ukabaki unashangaa wakati "vigezo ninavyo".

Sasa pointi zinapotelea wapi? Mimi naona ni pepa ya tatu, ya vitendo. Fizikia ni 131, Kemia 132, Baiolojia 133, na zote zina mtihani wa maabara. Mtoto aliyesoma shule yenye maabara kamili ameshashika bureti mara hamsini kabla ya Mei. Mtoto wa shule ambayo kemikali zinaletwa wiki ya mtihani anaishika kwa mkono unaotetemeka, anapitisha tone la mwisho, rangi inakolea, usomaji wote unaharibika. Kwa hiyo usikubali kusoma vitendo kwenye daftari tu. Waombeni walimu mapema, hata kundi la watu watano kwa bureti moja Jumamosi. Kupasua chura au panya hakuhitaji gharama, kunahitaji wembe, kibao na mtu wa kukuelekeza. Kipimo cha penduli unaweza kukifanya bwenini kwa uzi, jiwe na saa ya simu, na grafu ukaichora mpaka mkono uzoee.

Kitu kingine ambacho sijui kwa nini hakitumiki: NECTA wanatoa kila mwaka taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo. Ziko kwenye tovuti yao, PDF, bure. Humo mtahini anakueleza swali la nne watu wengi walikosea wapi, anakuonyesha na picha ya jibu zuri na jibu bovu. Kwangu mimi ile ni bora kuliko madesa yanayozunguka kwenye simu. Ukiwa na buku mbili ya kafe na flashi, pakua taarifa za miaka mitano za Kemia, halafu nenda maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu uchukue na vitabu. Nelkon na BS mtavikuta shuleni, kama havijachanika kurasa za katikati.

KAMA PCB ILISHINDIKANA

Msikate tamaa wadau, kuna njia ya pili na nawajua madaktari wazuri waliopita huko. Unaanza diploma ya utabibu, miaka mitatu, ambayo unaiomba ukiwa na cheti cha kidato cha nne chenye ufaulu wa Kemia, Baiolojia na Fizikia. Inasimamiwa na NACTVET, zamani NACTE, na maombi yanapitia mfumo wao. Vyuo vya serikali vya utabibu viko Kibondo, Mafinga, Maswa, Kilosa na kwingineko. Ukimaliza unaweza kuajiriwa kama tabibu, na ukitaka MD unaomba kwa diploma yako: wastani wa B au GPA ya 3.0, pamoja na D au zaidi kwenye Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza vya kidato cha nne.

Mmeona hiyo Hisabati? Kuna matabibu wenye GPA nzuri wamekwama kwa F ya Hisabati ya miaka kumi iliyopita. Dawa yake ni kurudia somo hilo moja kama mtahiniwa wa kujitegemea, na usajili unafanyika miezi mingi kabla ya mtihani. Aliyekosa Fizikia ya kidato cha sita naye anaweza kurudi hivyohivyo.

VYETI, HAPA NITAKAA KIDOGO

Mkoa wetu wengi wamezaliwa nyumbani, kijijini, wazazi wakihama na ng'ombe au wakifuata mashamba. Cheti cha kuzaliwa hakuna. Halafu jina la shule ya msingi ni moja, la NECTA lingine, la NIDA la tatu. Mtoto anaitwa Masanja Juma shuleni, kwenye kitambulisho ni Juma Masanja. Kijijini hakuna anayejali. Bodi ya Mikopo inajali sana.

Mkopo wa HESLB unaombwa mtandaoni, na akaunti inafunguliwa kwa namba yako ya mtihani wa kidato cha nne. Wanataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, cheti cha kifo kama mzazi amefariki (nacho kihakikiwe), mdhamini, sahihi ya serikali ya mtaa au kijiji, na muhuri wa wakili au hakimu. Uhakiki wa RITA sio wa siku moja. Kwa hiyo anza ukiwa kidato cha tano. Nenda ofisi ya wilaya, andikisha, na majina yasipofanana tengeneza hati ya kiapo au ya kubadili jina mapema. Dirisha la mkopo huwa linafunguka kabla au karibu na matokeo ya kidato cha sita, na ukisubiri matokeo ndipo uanze kutafuta cheti, umechelewa.

Kwa ndugu zangu wa Katumba na Mishamo neno la ziada. Wazazi wenu waliokuja kutoka Burundi mwaka 1972 walipewa uraia wa tajnisi, vyeti vikaanza kugawiwa 2014, watu zaidi ya laki moja na nusu. Mkopo ni wa Mtanzania, na Mtanzania ni wewe. Lakini cheti cha uraia cha mzazi kisiachwe kwenye sanduku linaloliwa na mchwa. Toa nakala, iweke pamoja na cheti chako cha kuzaliwa, ukiulizwa unaonyesha, kazi inaendelea.

Waliofaulu kwa kiwango cha juu kabisa masomo ya sayansi kidato cha sita waangalie pia Samia Scholarship, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/23. Ile ni ufadhili, hairudishwi.

KUOMBA CHUO

Zamani kidogo, kuanzia 2010, maombi yote yalikuwa yanapitia TCU kwenye mfumo mmoja. Tangu 2017 unaomba chuo chenyewe, moja kwa moja, kila chuo na tovuti yake na ada yake, unalipa kwa kontroli namba kwenye simu.

Katavi hatuna chuo cha udaktari. Kampasi ya SUA pale Kibaoni ni ya kilimo na mambo yake. Tulio huku tunaona karibu ni Mbeya, ambako UDSM ina chuo chake cha afya, ukipitia Sumbawanga na Tunduma. Mwanza kuna Bugando (CUHAS), Dodoma kuna UDOM, Moshi kuna KCMC, Ifakara kuna Mtakatifu Fransisko, Dar kuna Muhimbili ambayo ndiyo kongwe, ilianza kama shule ya udaktari mwaka 1963, na kuna Kairuki ambacho ni cha binafsi. Vya binafsi ada yake ni nzito, piga hesabu mkopo usipotoka kamili. Na kwenye kila chuo usijaze MD peke yake; weka udaktari wa meno, famasia, uuguzi, maabara.

(Msiseme udaktari si wa watu wa huku. Karema, ufukweni mwa Tanganyika, alikuwapo Adrian Atiman, aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto huko Mali, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomea udaktari Malta, akafika Karema 1889. Alitibu watu pale mpaka alipofariki mwaka 1956.)

Shida kubwa ni muda. Waliomaliza kidato cha sita wanaitwa JKT kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliorudishwa 2013, na mara nyingi matokeo na dirisha la maombi vinakukuta kambini. Kabla hujaondoka, fungua barua pepe yako mwenyewe, skani vyeti vyote, weka kwenye barua pepe hiyo, na mwachie mtu mmoja unayemwamini, dada au mjomba, orodha ya vyuo kwa mpangilio na namba zako za mtihani.

Na hapa nawaomba sana wa kafe. Mwenye kafe akikwambia "leta tu, nakufanyia, natumia imeli yangu", kataa kwa upole. Ukichaguliwa vyuo viwili au zaidi, TCU inataka uthibitishe kimoja kwa kodi inayotumwa kwenye simu au barua pepe uliyojaza. Kama ni ya kwake, kodi inaenda kwake, na yeye siku hiyo yuko Majimoto msibani. Tarehe ya kuthibitisha ikipita, nafasi inaweza kwenda kwa mwingine. Simu uliyojaza isibadilishwe laini mpaka uripoti chuo. Ukimaliza kutumia kompyuta, toka kwenye akaunti, usikubali ihifadhi neno la siri.

Wanaofikiria China, India au Urusi: muulize wakala kama amesajiliwa TCU, na pata cheti cha kutokuwa na pingamizi cha TCU kabla hujalipa hata senti. Ukirudi, Baraza la Madaktari Tanganyika ndilo linaloamua kama utashika mgonjwa, na lina mtihani wake. Huo ndio mtihani mnaouulizia, ila unakuja mwishoni.