Leseni Inaishia Wapi? GPL na Mandhari za WordPress

Wengi wetu katika chama hiki tumejenga tovuti au tutajenga karibuni. Tunachukua programu huria, tunaongeza vipande vya watu wengine, kazi inaendelea. Mwaka 2010 jambo hilo la kawaida lilizua ubishi mkali: ukiunganisha kipande chako na programu huria, je, leseni yake inakufuata?

Richard Stallman alitoa leseni ya GPL mwaka 1989, na toleo la pili likafuata 1991. Sharti lake kuu ni kwamba anayesambaza programu iliyotokana na kazi yenye leseni hiyo awape wapokeaji msimbo wake na uhuru uleule aliopewa yeye. Wakati huo programu zilisafirishwa kwa diski na kanda. Tovuti zenye vipande vingi zilikuwa bado.

WordPress, iliyoanzishwa na Matt Mullenweg na Mike Little mwaka 2003, ilirithi GPL kutoka programu ya b2. Baadaye watu walitengeneza mandhari, yaani mafaili yanayoipa tovuti sura yake, wakayauza. Mwaka 2009 Mullenweg aliomba maoni ya wanasheria wa Software Freedom Law Center. Walijibu kwamba msimbo wa PHP ulio ndani ya mandhari huita amri za WordPress na kuendeshwa pamoja nayo, hivyo umetokana nayo. Picha na mafaili ya CSS havimo.

Chris Pearson, mwenye mandhari ya Thesis, alikataa: kazi aliyoiandika mwenyewe ni yake. Julai 2010 wawili hao walibishana hadharani, kesi ikanukia. Kabla mwezi haujaisha Pearson aliigawa leseni yake: PHP chini ya GPL, picha na CSS chini ya masharti yake.

Hivyo hakimu hakuamua. Mpaka unaofuatwa leo umewekwa na maoni ya wanasheria na mazoea ya wajenzi. Tena GPL hugusa usambazaji tu. Anayeiendesha programu kwenye seva yake bila kutoa nakala hadaiwi msimbo. Pengo hilo lilizibwa na AGPL toleo la 3, Novemba 2007, kwa anayeirekebisha programu na kuwahudumia watu kupitia mtandao.

Kwetu sisi, hoja ya Pearson ilikuwa na uzito, kwani kuita amri si kunakili. Lakini aliyejenga juu ya msingi wa wenzake anapaswa kusoma masharti yao kabla ya kupanga bei.