Baga Ileile, Mshahara Tofauti

McDonald's ilipofungua mkahawa wake wa kwanza Denmark mwaka 1981, ilikuja na mazoea ya Marekani: mshahara napanga mimi, chama cha wafanyakazi sitaki kukisikia. Lakini Denmark haina sheria ya kima cha chini cha mshahara. Vyama na waajiri huketi mezani na kukubaliana, sekta kwa sekta. McDonald's ikakataa kuketi.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 vyama vikachoka. Wafanyakazi wa bandarini wakagoma kushusha mizigo yake, madereva wakagoma kuisafirisha, wachapishaji wakagoma kuchapa vikombe vyake. Kule, kugoma ili kumuunga mkono mwenzako ni halali. Mwaka 1989 kampuni ikasalimu amri, ikafuata mkataba wa sekta.

Huko kwao Marekani, kima cha chini cha serikali kuu kimekwama kwenye dola 7.25 kwa saa tangu 2009.

Nilipokuwa nakaanga chipsi hapa Nairobi, niliuliza mbona pesa ni kidogo hivi. Nikaambiwa, "Ni sera ya kampuni." Siku hizi sinunui hiyo stori. Kifungu cha 41 cha Katiba yetu ya 2010 kinatupa haki ya kulipwa vizuri, kujiunga na chama na kugoma. Ila karatasi haigomi. Denmark, kuna dereva aliyekataa kuwasha lori.