Moto wa Kazi Ukizimika



Kila mmoja wetu amemwona mfanyakazi wa namna hii. Mwanzoni ndiye anayefika kazini wa kwanza na kutoka wa mwisho. Kama ni mwalimu, anajua jina la kila mtoto. Kama ni mwuguzi, anaamka usiku bila kunung'unika. Miaka inapita, naye anageuka. Anachelewa, anajibu watu kwa ukali, anatazama saa tu. Kijijini wanasema: "Amekuwa mvivu." Wengine wanasema: "Amelogwa."

Mimi nami nimewahi kukosa hivi. Jioni moja katekista mwenzangu alikuja kwangu akasema: "Ndugu, nimekwisha." Nikamwambia asali zaidi na kujikaza. Mwezi haukupita, akaacha kazi. Tangu siku ile nimetafuta kujua ni kitu gani kilichompata. Nimeona kwamba jambo hili lina historia ndefu, na sehemu yake moja ilitokea hapa kwetu Kongo.

Wa kwanza kulieleza vizuri walikuwa wamonaki wa jangwa la Misri. Evagrius, aliyekufa mwaka wa 399, aliandika juu ya uzito unaomshika mmonaki saa za adhuhuri: jua linaonekana kama halisogei, kazi ya mikono inamchukiza, naye anatamani kwenda mahali pengine popote. Baadaye uzito huo ukahesabiwa kati ya vilema vikubwa saba, kwa jina la uvivu. Fundisho lile lina ukweli wake, maana uvivu upo. Lakini sisi tumezoea kuita kila uchovu uvivu, na hapo ndipo tunapowaonea watu.

Sasa tuje Kongo. Mwanzo wa mwaka wa 1959 mwandishi Mwingereza, Graham Greene, aliyekuwa Mkatoliki, alifika Yonda, makao ya wenye ukoma karibu na Coquilhatville, mji unaoitwa leo Mbandaka. Pale wamisionari na munganga Mbelgiji, Michel Lechat, waliwatunza wagonjwa. Dawa mpya zilikuwa zimekwisha kuleta matumaini makubwa. Lakini walikuwako watu ambao ugonjwa ulikwisha mwilini mwao baada ya kula vidole vya mikono na miguu. Waliitwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya "walioungua hata mwisho": moto haupo tena, lakini kilichoteketea hakirudi.

Greene akalichukua neno hilo, akalifanya jina la kitabu chake, A Burnt-Out Case, cha mwaka wa 1960. Wasomaji wa Kifaransa wanakijua kwa jina la La Saison des pluies. Ni hadithi ya Querry, mchoraji wa majengo mwenye sifa, aliyejenga makanisa. Siku moja anaona kwamba moyoni mwake hamna kitu: hafurahii kazi, hafurahii sifa, hawezi kumpenda mtu. Anapanda meli ya mtoni na kwenda mpaka inapokomea, kwa wenye ukoma. Hivyo neno lililosemwa juu ya mwili, Greene akalisema juu ya moyo.

Mwaka wa 1974 neno lenye maana ile ile likaingia katika elimu. Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, aliyekimbia Ujerumani ya Hitler akiwa mtoto, alikuwa akifanya kazi New York. Mchana aliwatunza wagonjwa wake, na jioni alikwenda kusaidia katika zahanati iliyowatunza vijana maskini bila malipo. Aliona wasaidizi wakija na bidii kubwa, na baada ya karibu mwaka mmoja wengi wakawa wachovu, wenye hasira, wasiomwamini mtu. Yeye mwenyewe naye alipatwa. Akaandika neno la kutushangaza: wanaoungua upesi si wavivu, bali wale waliojitoa kwa moyo wote. Fikiri, ndugu msomaji: kuni ambazo hazikuwashwa haziwezi kuteketea.

Kisha katika California mwalimu wa chuo kikuu, Christina Maslach, aliwauliza wafanyakazi wengi wanaohudumia watu. Mwaka wa 1981 yeye na Susan Jackson walitoa kipimo chenye alama tatu: nguvu za moyo kwisha, kuwatazama watu kama vitu, na kuona kwamba kazi yako haizai kitu. Mwaka wa 1997 yeye na Michael Leiter walitaja sababu sita. Kazi kupita nguvu za mtu. Kukosa uwezo wa kuamua lolote katika kazi yako mwenyewe. Kukosa malipo yanayofaa, hata neno la asante. Wafanyakazi kukosa umoja. Upendeleo mahali pa haki. Na mwisho, kulazimishwa kutenda yasiyopatana na yale unayoyaamini.

Tazama vizuri sababu hizo. Hata moja haimo ndani ya mfanyakazi peke yake. Zote ziko katika namna kazi ilivyopangwa. Ndiyo maana mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kuungua huku ni jambo linalotoka kazini, lenye asili yake katika mkazo wa siku nyingi usiotengenezwa vizuri.

Je, habari hii ni mpya kwetu? Hata kidogo. Tusome Kutoka, sura ya 18. Musa alikaa tangu asubuhi hata jioni akiamua mashauri ya watu wote. Mkwewe Yetro hakumwambia kwamba imani yake ni ndogo. Alimwambia kwamba atachoka kabisa, yeye pamoja na watu wake, akamshauri kugawa kazi kwa wakubwa wa watu elfu, mia, hamsini na kumi. Aliponya kazi ili apone mtu. Naye Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka wa 1891, alifundisha kwamba si haki kumchosha mtu kwa kazi mpaka akili yake ipumbae na mwili wake udhoofike. Mapumziko yalingane na uzito wa kazi.

Waswahili husema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndivyo nilivyouona mzigo wa katekista yule. Alikuwa na vijiji saba na baiskeli moja. Posho yake ilikawia. Mashauri yalipofanywa hakuitwa. Alipozika wafu na kufundisha watoto, hakuna aliyemwambia asante, wala mimi. Sala ilimfaa, nami sijuti kumwambia asali. Najuta kwamba sikumwuliza: "Ndugu, una vijiji vingapi? Nani anakusaidia? Umepumzika lini?" Na baada ya kuuliza, ningaliweza kumchukulia kijiji kimoja, hata viwili.

Basi, wasomaji wapenzi, kabla ya kumhukumu mwalimu, mwuguzi au katekista wetu, tuutazame kwanza mzigo aliobeba. Nawe mwenye kusimamia watu, ukiona moto unafifia, usiupigie kelele. Tafuta kuni.