Gunia Lililokula Kilo Mbili

Nilikuwa na miaka tisa siku niliyofuatana na babu kupeleka kahawa kwenye chama cha msingi. Usiku uliotangulia alikuwa ameazima mizani ya muuza nyama wa pale kijijini, akapima gunia lake: kilo 41. Asubuhi, mbele ya karani, mizani ya chama ikasema 39. Babu akauliza. Karani akajibu bila kuinua macho, "Mzee, gunia nalo lina uzito." Babu akasema, "Gunia tupu ni kilo moja, mwanangu. Nyingine imekwenda wapi?" Watu kwenye foleni wakacheka, lakini karani aliandika 39, na babu akachukua stakabadhi yake. Angefanyaje? Ada ya shule ilikuwa inangoja.

Ndugu msomaji, ile kilo moja imenisumbua mpaka nikaanza kusoma habari za kahawa ya Kilimanjaro. Nilitaka kujua: hivi chama kile kiliundwa na nani, na kwa ajili ya nani?

Mbegu za kahawa zilifika mlimani na wamisionari Wakatoliki mwishoni mwa karne ya 19. Walowezi wa Kizungu wakaipanda kwenye mashamba makubwa, na Wachagga nao wakaanza kuichanganya na migomba katika vihamba vyao. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mkuu wa wilaya ya Moshi, Charles Dundas, aliwahimiza waipande kwa wingi. Walowezi hawakupenda. Walisema kahawa ya Waafrika ingeeneza magonjwa na wadudu. Hofu ya pili ilikuwa ya vibarua: mtu mwenye kahawa yake atakubalije kwenda kuchuma ya mwingine? Kwa jirani zetu wa Kenya walowezi walifaulu. Mwafrika alizuiwa kulima kahawa hiyo mpaka miaka ya 1930, ndipo majaribio madogo yakaruhusiwa sehemu kama Kisii na Meru.

Kilimanjaro wakulima waliwahi kujikinga. Mwaka 1925 waliunda chama chao, KNPA, chini ya uongozi wa Joseph Merinyo. Kazi yake ilikuwa kupambana na magonjwa ya mibuni, kutetea haki ya kulima, na kuuza kwa pamoja. Hapo ndipo penye siri ya jambo hili. Mwenye magunia mawili akienda peke yake kwa mnunuzi, huambiwa bei. Wenye magunia elfu ishirini wakienda pamoja, huulizwa bei.

Lakini serikali ya kikoloni haikupenda chama chenye sauti kubwa kiasi kile. Sheria ya ushirika ilipitishwa mwaka 1932, na mwaka 1933 KNPA ikarithiwa na KNCU, chama kikuu chenye vyama vya msingi chini yake na meneja Mwingereza juu yake. Kisha ikaja amri kwamba Mchagga asiuze kahawa yake pengine ila kupitia KNCU. Kumbe umoja wa hiari ulikuwa umegeuka lazima! Bei ilipoanguka, mwaka 1937 wakulima waliandamana, na baadhi ya majengo ya vyama vya msingi yakashambuliwa. Watu walikuwa wanashambulia majengo yaliyobeba jina lao wenyewe.

Tusiwe wepesi wa kulaani, hata hivyo. Chama hichohicho kilileta mrututu wa kunyunyizia mibuni kwa mkopo, kikakata deni wakati wa mavuno. Kililipa kwa awamu: malipo ya awali, ya pili, na ya mwisho baada ya kahawa kuuzwa. Watoto wengi wa mlimani walisomeshwa na ile awamu ya mwisho.

Mwaka 1976 Serikali yetu wenyewe ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, na kazi yao ikapewa mashirika ya umma. Malipo yakachelewa. Vyama vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, lakini kabla havijasimama vizuri, mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa mgao wa kuuza kahawa kwa kila nchi ulisambaratika, na bei ya dunia ikaporomoka.

Msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa. Walikuja na fedha taslimu mpaka mlangoni. Nani angesubiri awamu tatu? Ila hakuna aliyeleta mrututu kwa mkopo. Na chama, kikijua kwamba mkulima anaweza kukopa dawa kwake na kuuza kahawa kwa mwingine, kikaogopa kukopesha. Mibuni ikazeeka bila dawa. Bei ilipofika chini kabisa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wengine waling'oa mibuni wakapanda nyanya. Mwaka 2018 Serikali iliagiza tena kwamba kahawa ya wakulima wadogo ipitie vyama vya msingi. Tumezunguka, tumerudi palepale.

Naomba tutazame mnyororo wenyewe. Mkulima anachuma, anamenya, anachachusha, anaosha, anaanika. Kahawa ya maganda inakwenda chamani, kisha kwenye kinu cha kukoboa, kisha mnadani Moshi, kisha melini, kisha kwa mkaangaji Ulaya au Japani. Bei inatazamwa soko la New York, halafu inashuka mlimani. Kila anayeipokea njiani anakata kwanza gharama yake na faida yake. Kinachobaki ndicho bei ya babu. Mwenye meli halipwi mabaki, mwenye kinu halipwi mabaki; ni yule wa kwanza tu. Wala hawezi kugoma, maana mbuni unataka kama miaka mitatu ndipo uzae, na ukishaupanda umefungwa nao.

Kuna wanaosema ushirika umeshindwa, tuuache. Wengine wanasema wanunuzi binafsi ni wezi, wafukuzwe. Mimi baada ya kusoma naona hivi: mkulima mdogo alipigwa alipokuwa peke yake, na alipigwa pia alipokuwa ndani ya chama asichoweza kukihoji. Wale wa 1925 hawakutaka jengo lenye bati. Walitaka mizani wanayoweza kuisoma na karani wanayeweza kumwondoa.

Babu hayupo sasa. Stakabadhi yake ya kilo 39 ninayo. Siku nitakayopeleka gunia langu mwenyewe, nitasimama mahali ninapouona mshale wa mizani, na nitawaomba wenzangu wa foleni wasicheke. Waulize pamoja nami: kilo nyingine imekwenda wapi?