Susu Wangu na Idara ya Kiingereza

Nikiwa kidato cha pili, nilishikwa nikiongea Kikamba darasani. Nikavalishwa kibao shingoni mpaka jioni. Kipindi cha mwisho siku hiyo kilikuwa cha Kiingereza, na mada ilikuwa fasihi simulizi. Mwalimu akauliza nani anajua hadithi yoyote ya sungura na fisi. Mimi nilikuwa najua kama kumi hivi, zote kutoka kwa susu wangu hapa Kathonzweni. Sikuinua mkono.

Nimekaa na hilo swali miaka: hadithi za susu ziliingiaje kwa somo la Kiingereza? Nikaamua kutafuta. Wasee, hii stori inafaa tuijue.

Turudi 1968. Kenya ina uhuru wa miaka mitano tu. Chuo cha Nairobi bado ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na anayetaka kusoma fasihi anaenda Idara ya Kiingereza, kusoma Waingereza kwanza. Tarehe 20 Septemba, kaimu mkuu wa idara anapeleka kwa bodi ya kitivo mapendekezo ya kuipanua. Tarehe 24 Oktoba, watu watatu wanamjibu: Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong. Jibu lao ni fupi na kali: msiipanue, ifuteni.

Hawakusema Shakespeare achomwe. Walichouliza ni kitu gani kikae katikati. Kama uko Nairobi, walisema, anza na Afrika, halafu uangalie dunia ukiwa umesimama hapo. Na fasihi simulizi iwe msingi, si pambo. Yaani msomi atoke maktaba aende kijijini, akae chini, asikilize.

Na kuna mtu wa kwetu Ukambani alikuwa ameshaanza kazi hiyo. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, alikusanya hadithi za Wakamba, na mwaka 1966 zikatoka kama kitabu, Akamba Stories. Kabla ya hapo, 1954, alikuwa ametoa Mutunga na Ngewa Yake, kwa Kikamba kabisa. Kwa hivyo mtu asikwambie hatukuwa na cha kusoma.

Vita haikuwa rahisi, lakini hatimaye ikazaliwa Idara ya Fasihi. Mwaka 1974 walimu wakakutana Nairobi School kujadili fasihi ya Kiafrika ifundishwe vipi shuleni. Polepole hadithi za kina susu zikaingia kwa silabasi, mpaka zikafika kwa lile darasa langu.

Sasa hapa ndipo naona kazi iliachwa nusu. Hadithi iliruhusiwa kuingia, lakini lugha yake ikaachwa mlangoni. Nilifundishwa fisi wa Kikamba kwa Kiingereza, na Kikamba chenyewe kikiwa kosa la kuadhibiwa. Ngũgĩ mwenyewe aliliona hili tatizo, ndiyo maana baadaye akaanza kuandika riwaya kwa Kikuyu. Caitaani Mũtharaba-Inĩ ilitoka 1980.

Najua kuna mtu atasema Kiingereza ndicho kinaleta kazi. Sawa, hata mimi nakitumia kila siku. Lakini hakuna mahali ile memo ilisema tusijue Kiingereza. Ilisema tusijitazame kama wageni kwetu wenyewe. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Leo hata Kitui kuna chuo kikuu, SEKU, pale Kwa Vonza. Utafiti si lazima usafiri mpaka Nairobi. Na ukweli ni kwamba mimi na wewe tuna simu zenye rekoda.

Desemba iliyopita nilikaa na susu akichagua ndengu kwa ungo. Nikaweka simu kando yake, nikamwomba anipe ngewa. Akaniuliza, "Nani atasikiliza Kikamba cha mzee?" Nikamwambia, mimi kwanza. Alisimulia tatu. Nimeandika jina lake, kijiji na tarehe, kwa sababu hadithi bila jina la msimulizi inageuka kuwa ya aliyeiandika.

Hivyo ndivyo utafiti unaanza. Rekodi susu wako wikendi hii, na kwa lugha yake. Ukimaliza, niambie alikupa ngapi.